Sijda Ndefu ya Bwana Shariff

Jioni ile ya Alhamisi, waliosimama kwa sala ya Magharibi sebuleni mwa Bwana Shariff, mtaani Majengo mjini Nyeri, walikuwa hawa. Mbele, akiwa imamu, alisimama Bwana Shariff mwenyewe, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mnene mwenye shingo fupi na sauti nzito. Nyuma yake alisimama Mzee Shakir, jirani yao, na kando ya mzee huyo, Ayub, mtoto wa miaka minane. Safu ya mwisho ilikuwa ya wanawake: Bibi Ummi, mama mzazi wa Bwana Shariff, Mwanasiti, mkewe, na Salwa, binti yao wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Sita.

Mpangilio huo ulikuwa wa kila siku. Tangu magoti ya Mzee Shakir yaliposhindwa kukipanda kilima cha kwenda msikitini, Bwana Shariff alijiwekea desturi ya kusali Magharibi nyumbani ili jirani yake asisali peke yake. Mikeka ilitandikwa, madirisha yakafungwa kuzuia ukungu na baridi iliyoshuka kutoka Mlima Kenya, na sala ikaanza kwa utulivu.

Katika sijda ya mwisho, Salwa aliweka paji la uso juu ya mkeka, akasema maneno yake yote, kisha akangoja takbira ya baba yake. Takbira haikuja.

Anayesali nyuma ya imamu hamtangulii imamu wake. Hivyo watu wote wakabaki wameinama, nyuso chini, wakingoja. Salwa akasikia mkoromo mwembamba kutoka mbele, kama maji yanayopita kwenye bomba lililoziba. Kisha mkoromo ukakatika, pakawa kimya. Kimya kile hakikuwa cha mtu anayenong'ona na Mola wake. Kilikuwa kimya kitupu, kisicho na pumzi ndani yake. Alipokaribia kuinua kichwa, baba yake alivuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka mtoni, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Allahu Akbar."

Sala ilipokwisha, Mzee Shakir alijifuta machozi kwa ncha ya kanzu.

"Shariff, mwanangu," alisema, "sijda ile imenitetemesha. Vijana wa siku hizi hugusa mkeka kama wanaogusa chuma cha moto. Wewe unazama. Mungu akuzidishie."

"Ni malezi," Bibi Ummi alisema kwa fahari.

Macho ya Bwana Shariff yalikuwa mekundu. Aliirekebisha kofia yake, ingawa haikuwa imekaa upande, akatazama mlango wa jikoni.

Walipokuwa wakinywa chai, Ayub aliingiza kichwa katika mazungumzo ya wakubwa kama kawaida yake.

"Mzee Shakir, hujamsikia Baba akiwa kitandani! Anakoroma kama lori la chai linalopanda kutoka Sagana. Grrr! Grrr! Halafu linazimika."

Wote wakacheka, Bwana Shariff naye akacheka. Katika nyumba ile, mkoromo wa baba ulikuwa jambo la kujivunia. Ulikuwa ushahidi kwamba mwenye nyumba amefanya kazi ya halali, ameshiba, amelala.

"Marehemu babu yenu alikoroma hivyo hivyo," Bibi Ummi alisema. "Na Mungu akamchukua akiwa usingizini, bila kilio wala maumivu. Kifo cha watu wema."

"Amin," akasema Mzee Shakir.

Salwa alikiweka kikombe chini. Hakuna aliyemwona, kwa sababu baba yake alikuwa amekwisha kuanza kueleza safari ya Jumamosi ya wiki ifuatayo. Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia. Angeondoka alfajiri kwenda Nanyuki kuchukua mbuzi kwa Bwana Muse, na angemchukua Ayub amsaidie kufungua na kufunga lango la gari. Ayub alirukaruka kwa furaha mpaka akamwaga chai yake.

Siku ya Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Mama alimtuma Salwa ampelekee baba yake blanketi. Bwana Shariff alikuwa amelala chali kwenye kochi, mdomo wazi. Alikoroma kwa nguvu, vioo vya kabati vikatikisika. Kisha, kama vile mtu amelifunga bomba, sauti ikakatika.

Salwa alisimama na blanketi mikononi. Mchana ulikuwa mweupe na kila kitu kilionekana vizuri. Kifua cha baba yake kilipanda na kushuka, tumbo likajikaza, lakini hakuna hewa iliyoingia wala kutoka. Alikuwa kama mtu anayeusukuma mlango uliofungwa kwa nje. Midomo yake ilianza kubadilika rangi.

"Baba," Salwa aliita kwa sauti isiyotoka vizuri. "Baba!"

Mwili mzima ukashtuka. Bwana Shariff akavuta pumzi kwa mkoromo mkubwa, akageuka, akaendelea kulala kana kwamba hapakuwa na lolote.

Salwa alikimbilia jikoni. "Mama, Baba ameacha kupumua! Nimemwona kwa macho yangu!"

Mwanasiti alikuwa akisugua sufuria. Alitulia kidogo, kidogo mno, kisha akaendelea kusugua.

"Baba yako amechoka, Salwa. Miaka yote ndivyo anavyolala. Anayekoroma amelala vizuri. Usimletee baba yako mkosi kwa maneno."

"Lakini Mama..."

"Nimesema. Chukua kitambaa ufute vyombo."

Salwa alifuta vyombo. Kila alipofuta sahani aliiweka chini polepole, ili asikie kama mkoromo wa sebuleni unaendelea. Tangu siku hiyo, kile kilichowachekesha wengine kikawa ndicho kinachompa nafuu. Mkoromo ulipokuwepo, alipumua. Ulipokatika, naye akakata pumzi.

Ayub ndiye aliyemwongezea hofu. Siku ya Jumatatu walipokuwa wakivaa viatu vya shule, alimnong'oneza, "Nikikwambia kitu, utamwambia Mama?"

"Kitu gani?"

"Juzi tukitoka Kiganjo na Baba, alisinzia akiwa kwenye usukani. Gari likaingia majanini. Mimi nikapiga kelele, akaamka. Aliniambia nisimwambie Mama, eti ni utelezi tu." Ayub akacheka, kisha akauona uso wa dada yake, kicheko kikamwisha. "Salwa, kwani ni vibaya?"

Shuleni, katika somo la Sayansi, Mwalimu Kahiga alikuwa amechora ubaoni mapafu mawili na moyo katikati yake. Alikuwa mwalimu mtaratibu, ambaye hakuandika neno jipya kabla darasa halijalielewa la kwanza. Alipouliza kama kuna swali, Salwa alijikuta ameinua mkono.

"Mwalimu, mtu anaweza kuacha kupumua akiwa amelala, halafu aanze tena?"

"Huyo atakuwa maiti, Mwalimu!" akadakia Ndungu kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Kahiga hakucheka. Aliiweka chaki chini, akangoja mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Ndungu, kaa vizuri. Swali hilo ni zuri kuliko mnavyodhani. Ndiyo, Salwa, inawezekana. Kuna watu ambao misuli ya koo hulegea wakilala mpaka njia ya hewa ikajifunga. Ubongo huona hewa imekosekana, ukawashtua, wakavuta pumzi. Asubuhi hawakumbuki. Ni ugonjwa, na unahitaji daktari, kwa sababu unauchosha moyo."

Kengele ilipolia, alimwita kando. "Kuna mtu nyumbani mwenye hali hiyo?"

Salwa alitazama viatu vyake. "Hapana, Mwalimu. Nilisoma tu mahali."

"Kama yupo," Mwalimu alisema kwa upole, "ningependa aende hospitalini wiki hii, si mwezi ujao."

Nje, rafiki yake Gathoni alikuwa akimngoja akiwa amekunja mikono.

"Ati ulisoma? Wewe? Hata gazeti la kufungia nyama hulisomi. Salwa, ni nani?"

Salwa alimwambia yote: kochi, majani ya Kiganjo, sijda.

"Guka, babu yangu, pia hukoroma," Gathoni alisema, "mpaka kuku wanahama. Lakini hanyamazi. Mwambie baba yako!"

"Huelewi, Gathoni. Watu wanamsifu kwa sijda zake. Mzee Shakir hulia. Nikisema alikuwa amelala, nitakuwa nimesema sala zake si sala. Nitakuwa nimemwaibisha mbele ya mama yake."

"Na usiposema?"

Salwa alichukua mkoba wake, akaelekea langoni.

Siku zikapita, na kila siku Salwa alijiambia atasema kesho. Akimwona baba yake asubuhi, maneno yalimfika kwenye ulimi, kisha yakarudi. Ijumaa jioni ikafika. Gari la mizigo lilikuwa limeoshwa na kujazwa mafuta. Ayub alikuwa amekwisha kuweka sweta na kofia yake karibu na mlango. Mikeka ikatandikwa, na watu wakajipanga vile vile kama wiki iliyotangulia.

Katika sijda ya mwisho, takbira haikuja.

Salwa aliusikia mkoromo, mara hii mzito zaidi. Akausikia ukikatika. Akangoja. Kimya kiliendelea. Mbele yake Mzee Shakir hakutikisika. Bibi Ummi, pembeni, alikuwa akinong'ona dua kwa utamu, akifurahia urefu wa sijda ya mwanawe. Kimya kikaendelea.

Madrasani alikuwa amefundishwa kwamba imamu akikosea, mwanamume humzindua kwa kusema "Subhanallah", na mwanamke kwa kupiga kofi juu ya mgongo wa mkono. Salwa alipiga kofi. Halikuleta kitu. Akapiga jingine, kwa nguvu mpaka mkono ukamwasha. Hakuna pumzi. Hakuna takbira.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kumwona mtu yeyote akilifanya. Aliinuka kutoka katika sala. Akapita kati ya Mzee Shakir na Ayub, akamshika baba yake bega kwa mikono miwili, akamtikisa kwa nguvu zake zote.

"Baba! Baba, vuta pumzi!"

Bwana Shariff alianguka ubavu kama gunia. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Kwa kitambo ambacho Salwa hakutaka kukikumbuka maishani, baba yake hakupumua. Kisha kifua kikafunguka kwa kishindo, akakohoa, akaketi, akayakodoa macho kama asiyejua yuko wapi.

Watu wote walikuwa wameinuka. Ayub alikuwa akilia.

"Laa ilaha illallah!" Mzee Shakir alisema akitetemeka kwa hasira. "Mtoto huyu amemkatiza mja akiwa karibu kabisa na Mola wake! Mwanasiti, haya ndiyo mnayomfundisha?"

"Alikuwa amelala," Salwa alisema. "Alikuwa amelala na hakuwa anapumua. Hata wiki iliyopita alikuwa amelala. Na kule Kiganjo alisinzia kwenye usukani!"

Neno lilipotoka, alitamani alirudishe. Baba yake alimtazama, kisha akamtazama Mzee Shakir, kisha mama yake.

"Nilikuwa nasali," Bwana Shariff alisema. Lakini alisema akiutazama mkeka. "Nenda chumbani, Salwa. Na kesho safari iko palepale."

Salwa alienda. Alipopita mlangoni alimwona Bibi Ummi amesimama katikati ya sebule, mkono kifuani, mdomo ukicheza bila sauti. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameogopa, naye Salwa hakuwahi kumwona nyanya yake akiogopa kitu chochote.

Alfajiri, baada ya sala, Bwana Shariff alitoka na funguo mkononi, Ayub nyuma yake. Ukungu ulikuwa mzito. Salwa na mama yake walisimama barazani. Bwana Shariff alifungua mlango wa gari, akaruka nyuma.

Bibi Ummi alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, amejifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Mama! Umeingia saa ngapi humu? Utapata homa!"

"Sikuja kuendesha, kwani sijui kuendesha," Bibi Ummi alisema. "Nimekaa hapa kwa sababu ukitaka kiti hiki itabidi unitoe kwa nguvu. Hutakwenda Nanyuki. Tunakwenda hospitalini."

"Unaumwa?"

"Mwanangu ndiye anayeumwa."

"Mama, tafadhali. Yale ni maneno ya mtoto..."

"Mtoto hakusema uongo, Shariff!" Sauti ya bibi ikavunjika. "Nisikilize. Marehemu baba yako alikuwa akinyamaza hivyo hivyo. Nilikuwa nikiamshwa na kimya chake, nikamsukuma bega, akavuta pumzi. Miaka yote nilimsukuma. Siku aliyofariki nilikuwa Kangari, kwenye arusi ya mpwa wangu. Hapakuwa na mkono wa kumsukuma. Nimekuwa nikiwaambia watu ni kifo cha watu wema kwa sababu sikuweza kujiambia jambo lingine. Jana nilipouona uso wako, nilimwona yeye. Nipe funguo."

Mahali fulani katika ukungu jogoo aliwika, kisha akanyamaza. Bwana Shariff alisimama na mwili wake mkubwa, mikono ikining'inia kama ya mtoto aliyekamatwa. Kisha akainyoosha mikono yote miwili na kumpa mama yake zile funguo.

Walipanda teksi. Hospitalini waliokuwa wakingoja walikuwa wengi, lakini zamu yao ilifika. Daktari Nduta alikuwa mwanamke mrefu aliyeongea taratibu. Alimpima Bwana Shariff presha, akatazama kipimo, akampima tena kwa mkono mwingine.

"Iko juu sana," alisema. "Mzee, mchana unasinzia?"

"Kidogo tu, Daktari."

"Unaamka na kichwa kizito?"

"Ni baridi ya huku kwetu."

Daktari Nduta akatabasamu kidogo. "Mgonjwa wa namna hii hajioni. Wakati ugonjwa unapomshika, yeye amelala. Shahidi wake ni yule aliye karibu naye. Nani amemwona akilala?"

Salwa alihisi macho yote yamemgeukia. Alimtazama baba yake. Safari hii Bwana Shariff hakutazama chini.

"Sema, mwanangu," alisema. "Sema kama ulivyoona."

Salwa alieleza bila kuongeza wala kupunguza: mkoromo, kimya, tumbo linalosukuma bila hewa, midomo inayogeuka rangi, mshtuko. Alipomaliza, Mwanasiti alikuwa akijifuta macho kwa ushungi.

"Daktari, nami nimekuwa nikisikia," alisema. "Kila siku nasikia. Nilijiambia amechoka."

Bwana Shariff alipewa kitanda cha kulala hospitalini, akafungwa kipima-hewa kwenye kidole na mikanda kifuani. Siku ya pili familia iliporudi, Daktari Nduta aliwaketisha wote, pamoja na Ayub, akawaonyesha mistari ya kipimo. Mstari wa hewa ulikuwa ukipanda na kushuka vizuri, kisha ukaanguka bondeni, ukapanda, ukaanguka tena, usiku kucha.

"Kila bonde hapa ni wakati ambapo koo lilijifunga," alisema. "Ni mengi mno. Sasa nieleweni vizuri. Hewa inapokosekana, mwili hushtuka kama nyumba iliyovamiwa. Moyo unakimbia, presha inapanda. Mwili una askari wake ndani ya damu, na wao hutoka kupigana. Lakini adui hayupo. Wanapotoka kila usiku, tena mara nyingi kwa usiku mmoja, huishia kuziumiza kuta za mishipa ya mwili wenyewe. Kuta hizo huvimba na kuwaka kwa ndani, pole pole, bila maumivu. Sisi tunauita uvimbe wa ndani. Mafuta yaliyo katika damu hunasa hapo, na njia ya damu huwa nyembamba. Siku moja moyo unaweza kukosa damu, au ubongo ukakosa, akapooza."

"Atakufa?" Ayub aliuliza kwa sauti nyembamba.

Mama yake alitaka kumnyamazisha, lakini daktari aliinama, akamtazama machoni.

"Hatari ipo, sitakuficha. Moyo wa baba yako umeanza kuchoka. Misuli yake imeanza kuwa minene kwa kusukuma kwa nguvu. Lakini haujaharibika. Amefika hapa mapema. Kuna mashine inayopuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Atalala nayo. Atameza dawa ya presha, atapunguza uzito, atalala ubavu badala ya chali. Na hataendesha gari mpaka nimruhusu."

"Na babu yao?" Bibi Ummi aliuliza. "Je, ndicho kilichomuua?"

"Nyanya, siwezi kumpima aliyekwisha kwenda," Daktari Nduta alijibu taratibu. "Wala si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini anayekoroma akakata pumzi, akaibuka kama anayezama, na mchana akasinzia, huyo asichekwe na asisifiwe. Aletwe hapa. Hofu ya binti huyu ilikuwa na haki. Kosa ni kuibeba peke yake siku zote hizo. Hofu kama hii humgeukia mtu aliyeibeba akinyamaza, na huwasaidia wote akiisema mapema."

Mashine ililetwa nyumbani. Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Bwana Shariff alilalamika kwamba barakoa inambana pua, akaivua, Mwanasiti akamvika tena. Salwa alilala akisikiliza ukutani. Hakukuwa na mkoromo tena, bali mvumo mwembamba wa hewa, na mwanzoni utulivu huo ulimtisha kuliko kelele zote. Ilimbidi ajifunze upya kwamba kimya kingine ni cha mtu anayepumua.

Jioni ya mkesha wa Idi, watu wale wale walikusanyika sebuleni. Mbuzi walikuwa wamefika; Bwana Muse alikuwa amewatuma kwa lori la mtu mwingine. Jioni hiyo walikuja pia ndugu wawili wa Bwana Shariff na wake zao. Mzee Shakir alikaa kwenye kiti chake akiwa mnyonge. Kabla ya adhana alimwita Salwa.

"Binti yangu," alisema, "nilikukaripia mbele ya watu, kwa hiyo nakwambia mbele ya watu. Kuivunja sala ili kuokoa roho kumeruhusiwa. Mimi mzee nililijua hilo kabla hujazaliwa, na jioni ile nililisahau kwa sababu nilipenda kuamini nilichokuwa nikikisifu. Wewe uliona kilichokuwepo. Endelea hivyo. Ukiona jambo baya limepambwa kwa sifa, liseme kwa adabu, lakini liseme."

"Nilichelewa, Mzee," Salwa alisema kwa sauti ya chini. "Nilimdanganya hata Mwalimu."

"Basi Jumatatu utamweleza ukweli, na mara nyingine hutachelewa."

Mikeka ilitandikwa. Watu walijipanga, wakangoja Bwana Shariff apite mbele kama ilivyokuwa desturi. Hakupita. Alisimama kando ya safu ya kwanza, akawageukia wote.

"Kabla hatujasali, nina maneno," alisema. "Mlizisifu sijda zangu, nami nikanyamaza. Nilikuwa nikizinduka, nikijua kwamba nimelala, nikaona haya kusema. Kwa haya hiyo nilikaribia kumuua mwanangu barabarani na kuwaacha nyinyi bila mimi. Sasa sikilizeni nilivyoamua. Mzee Shakir ataongoza akiwa ameketi kitini, nami nitasimama nyuma yake mpaka nipone. Mkono wangu hautagusa usukani mpaka daktari aseme. Nyinyi ndugu zangu, ambao tumezaliwa na baba mmoja, Jumatatu tunakwenda wote kupimwa, na wake zenu watakuja kusema wanachokisikia mkilala. Na kwa kila aliye chini ya paa hili, mkubwa kwa mdogo: atakayeniona nimelala na kimya kimenishika, mahali popote, hata kama paji langu liko chini mbele ya Mola wangu, asingoje. Aniamshe."